Mwanangu hataki kusoma sura ya mwisho ya kitabu chochote. Kuna aliyewahi kuona hili?

#1 UkiliMwekundu (Lamu)

Asalaam aleykum wanajukwaa.

Nina mtoto wa kiume wa miaka kumi, yuko Gredi ya 5. Tangu mwaka jana mimi naye tumo katika kilabu ya vitabu ya wazazi na watoto, familia tisa za mtaa wetu hapa Mkomani. Mzazi na mtoto wanasoma kitabu kimoja pamoja, halafu kila baada ya wiki mbili, Jumamosi ikishapita alasiri, tunakutana kwenye daka la nyumba ya mmoja wetu tukakizungumza. Nakala ni tano kwa familia tisa, kwa hivyo anayemaliza humpa jirani.

Kwetu tunasoma baada ya isha. Yeye ukurasa, mimi ukurasa. Anasoma vizuri, anacheka panapochekesha, ananisimamisha kuuliza. Lakini tukifika sura ya mwisho anachukua kipande cha ukili, ule utepe wa majani yaliyosukwa wa kushonea mkeka, alichokatiwa na bibi yake, anakiweka pale tulipofika, anafunga kitabu na kukirudisha kwenye kidaka. Anasema, "Basi." Nikianza kuisoma mimi, anaondoka. Siku ya kilabu wenzake wakianza kueleza mwisho ulivyokuwa, anasema ana kiu, anakwenda kunywa maji, harudi mpaka wamemaliza.

Vitabu vimeshafika sita. Vya kuchekesha na vya huzuni, vyembamba na vinene. Nikimwuliza kwa nini, jibu ni "Sitaki tu."

Sijamlazimisha. Nauliza mliolea kabla yangu: ni nini hiki? Na je, nimlazimishe?

#2 KijiweChaPosta (Dar es Salaam)

Pole dada. Hiyo ni simu. Watoto wamezoea video za dakika moja, kitu kirefu kinawachosha kabla hakijaisha. Mnyime simu mwezi mmoja uone.

#3 UkiliMwekundu

Ahsante kaka, ila simu ni yangu na inalala kwangu. Na hachoki. Sura inayotangulia ile ya mwisho huisoma mara mbili, wakati mwingine tatu. Aliyechoka hafanyi hivyo.

#4 MaalimLangoni (Lamu)

Waaleykum salaam. Bi Ukili, hebu fungua kurasa za nyuma za hivyo vitabu utazame. Vitabu vingi vya watoto tunavyovipata hapa Kenya, hadithi ikikoma tu yanafuata maswali. Eleza tabia za fulani. Toa maana ya maneno yafuatayo. Hadithi imekufundisha nini? Mtoto ameshajua kwamba mwisho wa hadithi ndio mwanzo wa mtihani.

Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na minane. Nimeona watoto wanaoipenda hadithi kwa moyo wote, na siku wanapojua kuna kazi ya kuandika baada yake, mapenzi yanakatika pale pale. Niambie jambo moja: kwenye hiyo kilabu yenu mnawauliza watoto maswali?

#5 UkiliMwekundu

Tunawauliza, maalim. Kila mtoto husimama akataja funzo alilolipata. Sikuwahi kulitazama hivyo.

Ila nimeviteremsha vyote kutoka kidakani sasa hivi, vile vinne nilivyonavyo, na vile viwili vya kwa jirani nimemwomba anitazamie. Viwili kati ya sita havina swali hata moja nyuma. Navyo pia hakuvimaliza.

#6 FundiMatondoni

Kwangu mimi mambo ni kinyume, lakini nitaeleza, huenda yakakusaidia.

Niliishia darasa la nne nikaingia kwenye kazi ya majahazi pamoja na baba. Kusoma nasoma, lakini kwa kidole, neno moja moja. Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Mwalimu wao aliwaomba wazazi tusome na watoto, nikaona aibu kukataa. Basi kila usiku tunakaa, nami nakwenda mwendo wangu, yeye ananisubiri. Nikikwama hanitajii neno mpaka nimtazame.

Mwezi uliopita niliamka usiku kunywa maji nikamkuta kwenye kijitaa cha sola anasoma. Kumbe kila kitabu anakimaliza peke yake siku ya pili au ya tatu. Kisha kesho yake anakaa nami kama hajui chochote, ananiuliza, "Baba, unadhani itakuwaje?" Nami nakisia, yeye anatikisa kichwa, na mwisho wote anao.

Sikumwambia kwamba nilimwona. Ndiyo maana sioni kwamba mwanao ana ugonjwa. Watoto wana hesabu zao kuhusu mwisho wa kitabu, na hesabu hizo mara nyingine zinatuhusu sisi.

#7 BintiFaza

Fundi, hiyo ya "ananisubiri" imenigusa sana. Mungu akutunzie.

#8 MsomajiMalindi

Swali kwa mwenye uzi. Mkimaliza kitabu kinakwenda wapi?

Nauliza kwa sababu ya yangu. Mwanangu nilikuwa nampeleka maktaba ya taifa, tawi letu la hapa Malindi, tunaazima vitabu viwili. Siku ya kurudisha ikawa vita. Akaanza kusoma polepole makusudi, mistari mitano anasinzia, na mimi nikadhani ni mzito wa kusoma. Kumbe alikuwa amepiga hesabu: kitabu kikiisha kinaondoka. Siku moja nilikikuta kimoja ndani ya foronya ya mto wake. Nilitafuta nakala ya kitabu kile kile dukani, nikainunua, nikaandika jina lake ukurasa wa kwanza. Alikimaliza siku hiyo hiyo, akakianza tena.

Kwako unasema anayemaliza humpa jirani. Mimi naona umejijibu mwenyewe katika posti ya kwanza. Kwa mtoto huyo kumaliza ni kunyang'anywa.

#9 UkiliMwekundu

Subhanallah. Mtoto wa jirani huja kabisa kugonga mlango, "Mmeshamaliza?" Mara nyingine hugonga siku ya nne.

Lakini dada Msomaji, kuna kitabu cha saba ambacho sikukitaja. Si cha kilabu, ni chetu, kilinunuliwa Mombasa, na hakiendi popote. Hicho nacho kina ukili kabla ya sura ya mwisho.

#10 KijiweChaPosta

Basi mkampime macho. Huenda yanamchoka kadiri kitabu kinavyokwenda.

#11 UkiliMwekundu

Alipimwa Januari. Mazima.

#12 MsomajiMalindi

Kijiwe, ulianza na simu, sasa uko kwenye macho. Kesho tutasikia ni minyoo 😀

#13 KijiweChaPosta

Na minyoo isidharauliwe! Nawatania. Lakini nia yangu ni njema, nataka mtoto amalize.

#14 NahodhaKizingitini

Nitauliza jambo ambalo huenda si la kuulizwa hadharani, na mama ana haki ya kutojibu. Baba yake yuko?

Mimi ni mvuvi. Kusi ikipoa natoka, siku nyingi silali nyumbani. Mwanangu wa kwanza alikuwa hataki nimalizie chakula mezani. Ananiachia tonge moja sahaniani, anasema "Hilo la ukirudi." Mke wangu alidhani ni utoto. Mimi nilielewa.

#15 UkiliMwekundu

Si kitu, kaka, nitajibu.

Baba yake yuko Ghuba kikazi, ni mwaka wa pili na miezi sasa. Simu tunapigiana.

Kile kitabu cha saba, baba yake ndiye aliyekinunua. Walikuwa wakikisoma wao wawili, mimi sikuwa nashiriki. Usiku wa mwisho kabla hajavuka kwenda Mokowe kupanda basi walifika sura ya kumi, na sura ni kumi na moja. Nilikuwa nakunja nguo kwenye sanduku, nikamsikia anamwambia, "Hii moja tutaimaliza nikirudi."

Nimekaa na jambo hili miaka miwili sijaliunganisha. Naandika hapa mkono hautulii.

#16 BintiFaza

Hakuna cha kutafuta tena. Dada, pole. Anamwekea baba yake.

#17 NahodhaKizingitini

Ndivyo nilivyohisi. Mwache. Baba akirudi watamaliza vyote.

#18 MaalimLangoni

Naomba tusikimbilie. Hadithi ya namna hii ni nzuri mno, na hadithi nzuri mno hutufanya tuache kutazama. Kama ni ahadi ya baba, ahadi ilikuwa ya kitabu kimoja. Kwa nini aivushe kwenye vingine sita? Na alianza lini? Bi Ukili, yuko mtu aliyemjua kama msomaji kabla baba hajasafiri?

#19 BintiFaza

Maalim, kwa heshima, mtoto hatengi ahadi kwa hesabu za vitabu. Likimkaa moyoni, limekaa.

Nami nitasema langu. Nilipokuwa mdogo huko Faza, mama alikuwa akinisomea usiku, na kitabu kikiisha ananiambia, "Haya, kalale," au "Haya, kaoshe vyombo." Kila mara. Basi nikajifunza kumkatiza: sijaelewa, rudia, rudia hapo. Mama hakuwa na wakati mwingine wa kukaa nami peke yangu, tulikuwa saba. Leo niko chuo kikuu, na kwenye rafu yangu kuna riwaya tatu zilizobaki kurasa chache. Sizimalizi nikiwa mpweke. Nazimaliza nikienda nyumbani, mama akiwa chumba cha pili.

Kwa hivyo huenda si baba wala si jirani. Huenda anakushika wewe.

#20 UkiliMwekundu

Maalim, nimefanya ulivyosema. Leo asubuhi nimekutana na mwalimu wake wa Gredi ya 2. Anasema hata wakati ule alikuwa akifunga kitabu cha darasa kabla ya mwisho, akakaa kimya mikono juu ya jalada. Yeye alidhani ni mchezo wake.

Gredi ya 2 baba yake alikuwa hapa hapa nyumbani, analala hapa, anakula hapa.

Kwa hivyo sijui tena.

#21 KijiweChaPosta

Duh.

#22 MjukuuWaShela

Naandika kwa niaba ya bibi yangu. Nimemsomea uzi wote tangu #1, naye ameniambia niandike anavyosema. Nimeyageuza kidogo kuwa Sanifu ili wa bara waelewe.

"Mwambie huyo mama kwamba sisi tulipokuwa watoto hadithi ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mwenye kusimulia anasema Paukwa, nyote mwaitika Pakawa. Na ikikoma haikomi hivi hivi. Anasema hadithi imekwisha, kama ni nzuri ni yetu sote, kama ni mbaya ni yangu mimi peke yangu. Basi mtoto anajua ameagwa. Anakwenda kulala na lake. Hiki kitabu chenu ukurasa wa mwisho kikifika, maneno yamekatika, karatasi nyeupe. Nani aliyemuaga? Mimi naona mtoto huyo anaogopa kuachwa njiani. Hata mgeni akiondoka bila kuaga moyo hubaki mlangoni."

Amemaliza. Amesema pia ukili mwekundu hupatikana kwa kutia rangi mwaa kabla ya kusuka, si baada, kwa sababu ameona jina lako na akadhani unauza mikeka.

#23 UkiliMwekundu

Mbusu mkono bibi. Mwambie siuzi mikeka, mamangu ndiye msukaji, nami nimekua nikiuokota ukili wake sakafuni. Na mwambie kwamba maneno yake nimeyasoma mara tatu.

#24 KijiweChaPosta

Bibi amenena. Na tusisahau mambo ya mzazi na mtoto na maandishi kwenu Lamu ni ya zamani. Si yule Mwana Kupona wa Zanzibar aliyemsomea binti yake utenzi?

#25 MaalimLangoni

Zanzibar tena! Kijiwe, ungekuwa darasani kwangu ungesimama nje kwa dakika tano 😀

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, na mumewe, Bwana Mataka, ndiye aliyekuwa mtawala wa Siyu mpaka alipofariki 1856. Utendi aliutunga hapa kwetu na unautaja mwaka wake ndani, 1275 wa Hijra, ndio 1858. Alikuwa mgonjwa, na inakubalika kwamba alifariki kama miaka miwili baadaye. Wala hakumsomea binti yake. Anaanza kwa kumwita Mwana Hashima akae karibu, aje na wino na karatasi. Mama anatamka, binti anaandika. Kwa hati za Kiarabu, maana ndizo zilizokuwa zikiandikiwa Kiswahili.

Na kwa kuwa tunazungumza mwisho: mama yule alijua kwamba wakati wake unaisha, na bado aliufunga utendi vizuri, akaweka hata tarehe.

#26 KijiweChaPosta

Nimesimama nje, maalim. Ahsante kwa somo. Ila swali: binti alijisikiaje alipoandika ubeti wa mwisho, akijua mama mgonjwa?

#27 MaalimLangoni

Hilo sina kitabu cha kulijibu.

#28 MsomajiMalindi

Hapo ndipo mnaponikosha nyinyi watu.

Mimi nataka kuuliza upande wa lugha. Bi Ukili, mwanao akisoma kwa sauti anasoma kama kilivyoandikwa? Nina shoga yangu wa Kiamu (Kiswahili cha Lamu) aliyeolewa huku Malindi, mwanawe akiona "macho" anasoma "mato", "chini" anasoma "tini", "moja" anasoma "moya". Shuleni anakosolewa, nyumbani anachekelewa. Ikafika mahali akawa anasoma sura za mwanzo tu, zilizo na watu wengi wa kusema, na zile za maelezo marefu anaziruka. Sura za mwisho mara nyingi ni maelezo, mwandishi anafunga mambo yake kwa Kiswahili kigumu.

#29 UkiliMwekundu

Anasoma hivyo hivyo, "mato" na "tini". Mimi simkosoi, maana nami ndivyo nisemavyo. Lakini hakwami. Hilo sidhani.

#30 FundiMatondoni

Mkimkosoa "mato" nitakuja na boti mimi mwenyewe.

#31 AbuSalma

Wanajukwaa, mimi nitasema lisilopendwa. Mlazimisheni. Kwa upole, lakini mlazimisheni. Mtoto akizoea kuacha kazi ikiwa imebaki kidogo, ataacha shule imebaki mwaka, ataacha ujuzi umebaki kidogo. Chuoni, yaani madrasa, hatukuachiwa. Ulikuwa unasoma mpaka unahitimu, na siku ya khitma nyumba nzima inafurahi, unavishwa kanzu mpya, halua inaliwa. Kumaliza ni jambo la heshima kwetu. Huyo mtoto anaendeleaje chuoni?

#32 UkiliMwekundu

Chuoni hana tatizo lolote. Juzuu Amma alishamaliza zamani, na alifurahi.

#33 MjukuuWaShela

Ngojeni kidogo. AbuSalma umenikumbusha kitu. Chuoni mtoto anaanzia wapi? Anaanza na sura fupi, zilizoko mwisho wa msahafu. Juzuu Amma ni ya 30. Yaani mtoto wetu anapewa mwisho kwanza, anaujua kwa moyo kabla hajafika katikati. Mwisho kwake ni mahali palipozoeleka, pana sauti ya wenzake. Halafu anapewa kitabu cha hadithi ambacho mwisho wake umefichwa. Mimi nikitazama hivyo naona kwamba kitabu ndicho kigeni hapo.

Na siku ya khitma, mtu akishasoma An-Nas, anarudi hapo hapo kwenye Al-Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara. Haachwi mwisho.

#34 AbuSalma

Hilo la kurudi mwanzo ni kweli. Jaribuni basi: mkimaliza sura ya mwisho, msifunge kitabu, rudini sura ya kwanza mara moja, ukurasa mmoja. Hapo nakubali kupunguza neno "mlazimisheni".

#35 MsomajiMalindi

AbuSalma, tumekupata 😀

Nami naongeza kwa vitendo: mnunulieni walau kimoja. Najua bei. Tangu sheria ya kodi ya 2013 vitabu vinatozwa VAT, asilimia 16, na kitabu cha mtoto kinaweza kuwa sawa na unga wa siku kadhaa. Tunaimba watoto wasome, huku kitabu kinatozwa kodi. Hili linaniuma kila nikiingia dukani, nasimama na kitabu mkononi napiga hesabu kama mtu anayenunua dhahabu.

#36 NahodhaKizingitini

Huko Malindi mna duka la kusimama. Kwetu kitabu kinakuja kwa boti, kikifika kimelowa pembe.

#37 FundiMatondoni

Na pale ngomeni Lamu, Mkunguni, kuna maktaba. Nikija mjini siku ya kuuza nitampitisha binti yangu.

#38 KijiweChaPosta

Garissa nasikia vitabu vinapelekwa na ngamia. Lamu mngefanya kwa punda.

#39 MaalimLangoni

Leo umepata, Kijiwe. Ngamia wa maktaba walianza 1996. Punda tunao, vitabu ndivyo hatuna.

Turudi kwa mtoto. Bi Ukili, Jumamosi imepita, kilabu ilikuwaje?

#40 UkiliMwekundu

Samahani kwa kukawia, mamangu alikuja kukaa nasi tangu Alhamisi, nyumba imejaa.

Kilabu: niliwaomba wenzangu tuache ile habari ya kusimama na kutaja funzo, kwa mara hii tu. Wengine hawakupenda, mmoja akasema basi tunakutania nini. Lakini tuliacha. Watoto walizungumza zaidi, hilo nimeliona. Mwanangu alipofika wakati wa mwisho wa hadithi alishikwa na kiu kama kawaida. Kwa hivyo maswali pekee si sababu, maalim, au kama ni sababu haijatoka mwilini mwake kwa Jumamosi moja.

Jirani nimempa nakala nyingine, hakugonga wiki nzima. Kitabu kikakaa kwetu. Hakikumalizwa.

Baba yake nilimweleza kwenye simu. Alinyamaza mpaka nikadhani bando limekatika. Kisha akasema anaweza kumsomea ile sura ya kumi na moja kwa simu, atafute nakala huko au nimpigie picha kurasa. Nilimwuliza mwanangu. Akasema, "La. Alisema akirudi." Kwa hivyo hicho kimoja nadhani Nahodha na BintiFaza mko sawa. Hivyo sita vingine sijui.

Sasa yaliyotokea jana.

Mamangu alikuwa amekaa chini anasuka. Yeye anasoma Kiswahili cha hati za Kiarabu tu, hizi za Kirumi hakufundishwa. Akamwambia mjukuu wake amsomee, yeye mikono imeshikwa. Mtoto akachukua kitabu cha safari hii, kile cha mvulana aliyepoteza punda, akakifungulia pale penye ukili, sura ya mwisho. Akaanza kusoma. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikaacha mbuzi hapo hapo nikasimama nyuma ya pazia.

Amesoma kurasa tano. "Mato", "tini", zote. Mamangu anaitika "Ehee" kila akivuta mwaa. Zikabaki kurasa mbili, nilizihesabu baadaye. Akanyamaza, akaweka ukili, akamwuliza, "Bibi, wewe wadhani itakuwaje?"

Fundi, nilikukumbuka.

Mamangu hakushangaa hata kidogo. Akaanza kueleza, punda alikokwenda, nani alimpa maji, mpaka akamfikisha Shela na kumrudisha. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Hakuondoka, hakushikwa na kiu. Mamangu akasema yale maneno ya bibi wa #22, kama ni nzuri ni yetu sote. Mtoto akalala pale pale juu ya mkeka ambao bado haujaisha.

Kurasa mbili hizo zimebaki mpaka sasa ninapoandika.

#41 MaalimLangoni

Usiziguse.

#42 AbuSalma

Mimi bado nasema amalize. Lakini si leo.

#43 MjukuuWaShela

Nimemsomea bibi. Amesema, "Niliwaambia, aagwe." Anajiona ameshinda, naomba asiambiwe vingine.

#44 MsomajiMalindi

Mimi bado nashikilia la jirani, mama ameeleza mwenyewe kwamba wiki hii hakugongwa mlango, na wiki hii ndiyo sura ya mwisho imefunguliwa.

#45 BintiFaza

Na mimi nashikilia la kukaa na mtu. Safari hii alikaa na bibi. Dada Ukili, huyo punda mamako alimfikishaje Shela na maji yamejaa? Alipita wapi? Tupe hadithi yenyewe basi.

#46 UkiliMwekundu

Hapo katikati sikusikia, nazi ilikuwa imemwagika nikarudi kuiokota. Nimemwuliza mwanangu leo asubuhi akienda shule. Amekataa kuniambia. Amesema nikitaka nikae chini usiku, atanisomea tangu mwanzo.